Kwa nini baa za mitaa Uingereza zinafungwa: niliyoyaona nyuma ya kaunta

Mleta uzi, Wolverhampton

Wanajukwaa, salaam.

Juma lililopita nilipita mtaa niliokuwa nikifanyia kazi hapa Wolverhampton, nikaikuta baa niliyoihudumia kwa miaka minne imezibwa madirisha kwa mbao, na mlangoni pamebandikwa tangazo la maombi ya kuigeuza kuwa vyumba tisa vya kupangisha. Nimeona nifungue uzi huu kwa sababu kila baa inapofungwa hapa maelezo huwa ni yale yale: vijana hawanywi tena, sigara zilipigwa marufuku, wageni wamejaa. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja lililoiua baa ile. Kwa niliyoyaona, baa nyingi za mitaa zinakufa kwa sababu anayeuza bia hamiliki nyumba, na mwenye nyumba ana njia nyingine za kupata fedha yake hata bia isipouzwa.

Kwa wasiozijua, pub ya Uingereza haifanani sana na baa zetu za viti vya plastiki na jiko la nyama choma uani. Ni nyumba, mara nyingi ya matofali mekundu ya karne ya 19, yenye jina lake na ubao wa picha unaoning'inia nje. Ghorofani anaishi anayeiendesha pamoja na familia yake, chini kuna kaunta, na chini ya kaunta kuna stoo ya ardhini ambamo mapipa hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13. Mwanzoni mwa karne hii nyumba za aina hii zilikuwa takriban 60,000 nchi nzima. Leo zimebaki kama 45,000.

Ili kuelewa zilikokwenda, lazima turudi mwaka 1989. Wakati huo kampuni sita kubwa za kutengeneza bia zilikuwa zikizalisha takriban robo tatu ya bia ya nchi hii, na zilimiliki makumi ya maelfu ya baa ambazo wapangaji wake walilazimika kununua bia ya mwenye nyumba tu. Serikali iliona kwamba huo ni ukiritimba, ikatoa amri kwamba kampuni ya bia yenye baa zaidi ya 2,000 iziachie huru au iziuze nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo. Nia ilikuwa njema. Kilichotokea ni kwamba kampuni za bia ziliziuza baa kwa maelfu, na wanunuzi wakawa kampuni mpya zisizotengeneza hata chupa moja ya bia, ambazo biashara yake ilikuwa nyumba zenyewe. Enterprise Inns ilianzishwa 1991 na Punch Taverns 1997, na katikati ya miaka ya 2000 kila moja ilikuwa na baa zinazokaribia au kuzidi 9,000. Kwa kuwa hazikutengeneza bia, amri ile haikuzihusu, kwa hiyo ziliendelea kuwafunga wapangaji wao kwenye masharti yale yale ya kununua bia kwa mwenye nyumba.

Baa hizo zilinunuliwa kwa mkopo, na rehani ya mkopo ilikuwa kodi ambayo wapangaji wangelipa kwa miaka mingi ijayo. Uchumi ulipoporomoka 2008, madeni yalibaki palepale, na njia rahisi kuliko zote ya kuyapunguza ikawa kuuza nyumba moja baada ya nyingine kwa wajenzi wa makazi, wenye maduka madogo ya vyakula, na yeyote mwenye fedha mkononi.

Sasa niwaonyeshe hali ilivyokuwa kwa karibu. Kampuni iliyomiliki baa yetu sitaitaja. Mama mwenye leseni, aliyeniajiri, alikuwa akilipa kodi ya pango kila mwezi, na juu ya hiyo alinunua kila pipa kwa kampuni hiyo hiyo. Pipa la galoni 11, linalotoa painti 88 (glasi za zaidi ya nusu lita), lilimgharimu zaidi ya pauni 50 juu ya bei ambayo baa huru iliyokuwa mtaa wa pili ililipa kwa bia ile ile, iliyoletwa na lori lile lile. Stoo kulifungwa kifaa cha kupima bia inayopita kwenye mirija, ili akinunua pipa la nje ijulikane. Siku moja aliletewa barua akitakiwa kueleza painti kadhaa ambazo kifaa kilizihesabu ilhali hazikuagizwa. Yalikuwa maji ya kusafishia mirija, kazi niliyokuwa nikiifanya mwenyewe kila Jumatatu asubuhi. Aliandika barua tatu kuwaeleza kwamba maji si bia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba anayeonekana kwenye kaunta, akicheka na wateja na kuitwa mwenye baa, ndiye mtu wa mwisho kupata fedha katika mnyororo mzima.

Mchangiaji, Leeds

Mleta uzi, ahsante kwa maelezo mazuri, lakini nadhani umewaonea wenye nyumba. Mimi ni mhasibu na nimewahi kushika vitabu vya baa huru, ambazo hazifungwi na mkataba wa mtu yeyote, na zenyewe zinakufa pia. Naomba nitazame upande wa kodi, kwa sababu ndiko fedha inakoishia.

Baa ikiuza painti kwa pauni 5, VAT ni asilimia 20 iliyomo ndani ya bei hiyo, yaani zaidi ya peni 80 zimekwishaondoka kabla hujalipa hata umeme. Humo mna ushuru wa bia pia, ambao kati ya 2008 na 2013 ulipangiwa kupanda kila mwaka kwa asilimia 2 juu ya mfumuko wa bei. Kisha inafuata kodi ya majengo ya biashara. Duka hupimwa kwa ukubwa wa eneo lake, lakini baa hukadiriwa kwa mauzo yanayotarajiwa, kwa hiyo ukijituma ukaongeza wateja, unapofika ukadiriaji mwingine unatozwa kwa jitihada zako.

Supamaketi huuza vyakula vingi visivyotozwa VAT kabisa, na inaweza kuishusha bei ya kreti ya bia hadi karibu na gharama yake ili mteja aingie anunue na nyama na sabuni. Baa haina sabuni ya kufidia. Uskoti waliweka bei ya chini kabisa ya pombe mwaka 2018, peni 50 kwa kila kipimo cha mililita 10 za kilevi halisi, wakaipandisha kuwa peni 65 mwaka 2024, lakini England haina sheria hiyo. Matokeo yake sasa bia nyingi zaidi hununuliwa madukani kuliko zinazonywewa baa.

Aprili 2025 mambo matatu yalikuja kwa pamoja: kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilipanda kutoka pauni 11.44 hadi 12.21 kwa saa, mchango wa mwajiri wa bima ya taifa ukapanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15 na kuanza kukatwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100, na nafuu ya kodi ya majengo ikashuka kutoka asilimia 75 hadi 40. Sisemi mshahara usipande. Ninasema hesabu nilizoziona baada ya mwezi ule hazikuhitaji mwenye nyumba mkatili ili zikatae.

Mleta uzi

Mkuu wa Leeds, hesabu zako sizipingi, na marufuku ya sigara ya Julai 2007 pia siipuuzi, kwani baa ndogo zisizo na bustani wala jiko ziliumia kweli. Ila tazama nani anabeba mizigo hiyo yote. VAT ikipanda, mpangaji hulipa. Umeme ukipanda, kama ulivyopanda 2022 pale ambapo nyumba za kuishi ziliwekewa kikomo cha bei na biashara zikaachwa nje, mpangaji hulipa, na friji za stoo haziwezi kuzimwa usiku kwa sababu bia haijui kama ni usiku. Kodi ya pango inabaki palepale.

Niongeze jambo ambalo halionekani kwenye vitabu vya hesabu. Bia ya asili ya Kiingereza, ile isiyotiwa gesi, inaendelea kuchacha ndani ya pipa. Ukishalifungua hewa inaingia, na una siku tatu hivi kabla haijaanza kuelekea kwenye siki. Pipa dogo la kawaida lina painti 72, kwa hiyo unahitaji kuuza 24 kwa siku. Nilipoanza kazi tulikuwa tukifanikiwa bila shida. Baada ya korona tulikuwa tukiuza 12, maana yake nusu ya pipa tuliimwaga, na siku ya tatu ladha ilikuwa imekwisha badilika, mzee anaonja, anakunja uso kwa adabu, anamaliza, na kesho haji. Tukapunguza aina za bia kutoka nne hadi mbili, halafu moja. Aliyekuwa akija kwa ajili ya zile tatu zilizoondolewa akahamia kwenye baa kubwa ya katikati ya mji inayouza kwa bei ya chini. Baa haifi siku moja. Inapunguza siku za kufungua, inafunga jiko, inazima taa ya chumba cha nyuma, na wateja wanaona.

Kuhusu korona, wengi wanakumbuka zilivyofungwa Machi 20, 2020 na kufunguliwa Julai 4. Wachache wanakumbuka Desemba ile, ambapo katika maeneo mengi baa haikuruhusiwa kuuza pombe bila mlo kamili, na mawaziri wakawa wanabishana hadharani kama yai lililofunikwa nyama ya kusaga na kukaangwa linahesabika kuwa mlo. Mama mwenye leseni alikuwa amenunua mayai hayo kreti mbili kwa matumaini. Lakini eneo letu liliwekwa kwenye daraja la juu zaidi la masharti tangu mwanzo wa Desemba, hatukufungua kabisa, na mayai tukayala wenyewe.

Mchangiaji, Birmingham

Nimefurahi kwamba mleta uzi hakukubali ule wimbo wa wageni, na naomba niuongezee nyama, kwa sababu mimi naishi upande wa Smethwick. Mtaa huu una historia nzito ya baa. Miaka ya 1960 baa kadhaa hapa zilikuwa na vyumba ambavyo Mhindi au mtu mweusi hakuhudumiwa, na Februari 1965 Malcolm X, mpigania haki za weusi wa Marekani, alipotembelea Smethwick, siku chache tu kabla ya kuuawa kwake, aliyaonja hayo mwenyewe katika baa ya Blue Gates.

Leo baa kadhaa zilizokuwa zimeanza kufa Smethwick na West Bromwich zinaendeshwa na familia za Kipunjabi. Kaunta ni ile ile na bia ni ile ile, lakini jikoni kuna tanuri la mkaa na sinia za kuku na samaki zinazotoka zikifuka moshi, na Ijumaa jioni hupati kiti. Wanaokaa humo ni Wahindi, Wazungu wazee waliofanya kazi viwandani, na sisi akina fulani. Kwa hiyo anayesema wageni wameziua baa aje aone nani aliyezinunua wakati wengine walipokuwa wakizipigia mahesabu ya vyumba vya kupangisha.

Niseme pia kwamba nyingi kati ya familia hizo zilinunua nyumba zao moja kwa moja. Hapo nakubaliana na mleta uzi.

Mchangiaji, Mombasa

Asalaam aleikum. Nimesoma uzi wote kwa makini na nina swali la uaminifu. Mimi ni Mwislamu na sijawahi kuingia baa maishani mwangu. Kwetu, nyumba ya pombe ikifungwa watu hushukuru. Je, mnayemlilia hasa ni nani? Si afadhali vyumba tisa vya watu kuishi kuliko baa moja?

Mleta uzi

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kwa upande wa dini siwezi kukupinga, na nyumba za kuishi kweli ni haba hapa. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, baa ile ilipofungwa unywaji haukupungua. Alhamisi ndiyo siku ya kutoa taka za makopo katika mtaa ule, na tangu baa ifungwe masanduku yanafurika makopo ya bia ya supamaketi. Walewale wanakunywa, ila sasa kila mmoja yuko sebuleni kwake peke yake, na hakuna mtu wa kumwambia "leo inatosha, nenda kalale," maneno ambayo mama mwenye leseni aliyasema karibu kila Jumamosi, na sheria ilimlazimu kuyasema.

Pili, nyumba ile ilikuwa na shughuli nyingi zisizo pombe. Nyuma ya kaunta kulikuwa na daftari la akiba ya Krismasi: wazee na akina mama wa mtaa walileta pauni 5 au 10 kila Ijumaa, na Desemba kila mtu akachukua chake. Wewe ungeliita chama, sisi tungesema kikoba. Watu walipozikwa, waombolezaji walirudi pale kula sandwichi na kunywa chai, kwa sababu sebule za nyumba za mtaa ule hazitoshi watu kumi. Timu ya kurusha vishale (darts) imehamia baa nyingine umbali wa kilomita tatu, na wale wawili wasio na gari wameacha kucheza. Daftari la akiba sijui liko wapi. Fedha zote zilirudishwa, hilo nina hakika nalo, kwani nilisaidia kuzihesabu.

Sheria imejaribu kusaidia. Kwa sheria ya 2011 wananchi wanaweza kuomba baa iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na mwenye nyumba akitaka kuiuza wanaweza kupewa miezi sita ya kutafuta fedha. Hesket Newmarket, kijiji kilichoko Cumbria, walitangulia hata kabla ya sheria hiyo: mwaka 2003 wanakijiji waliungana katika ushirika wakainunua baa yao, Old Crown. Na tangu Mei 2017 huwezi kuivunja baa England bila kibali cha mipango miji. Lakini miezi sita ni michache sana kwa mtaa wa watu wenye vipato vidogo kukusanya bei ambayo mjenzi ameipanga kwa kuhesabu vyumba tisa. Walichangisha pale kwetu. Hawakufika hata robo.

Na kibali nacho wapo wasiokisubiri. Himley, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa, palikuwa na baa iliyojulikana kama Crooked House, nyumba ya mwaka 1765 iliyokuwa imeinama kwa sababu machimbo ya makaa ya mawe chini yake yalititia, upande mmoja ukazama zaidi ya mita moja. Nilimpeleka mdogo wangu huko alipokuja kunitembelea. Ukiweka sarafu juu ya rafu ya ukutani ilionekana kubingirika kwenda juu, na mdogo wangu alirudia mara sita akitafuta sumaku. Iliuzwa Julai 2023. Usiku wa Agosti 5 ikaungua, na Agosti 7 tingatinga likaiangusha bila kibali. Februari 2024 halmashauri ikaamuru ijengwe upya. London waliwahi kufanikiwa: baa ya Carlton Tavern ilivunjwa bila ruhusa Aprili 2015, mwenye nyumba akalazimishwa kuijenga kama ilivyokuwa, na ikafunguliwa tena Aprili 2021. Miaka sita, kwa jengo moja.

Mchangiaji, Northampton

Wakuu, uzi huu umenikuta pazuri. Nimeona tangazo la baa inayotafuta mpangaji hapa kwetu, wanataka pauni 5,000 tu za kuanzia, na ghorofani kuna vyumba vitatu vya kuishi. Mimi na mke wangu tunapika vizuri, tumewaza kuweka pilau, mishikaki na kuku wa kupaka. Baada ya kuyasoma haya nimeingiwa na hofu. Je, niachane nalo?

Mleta uzi

Ndugu yangu, sitakuambia uache, kwa sababu chakula ndicho kinachozibakiza wazi nyingi kati ya zilizobaki, na alichokisema mwenzetu wa Birmingham kuhusu tanuri la mkaa ni kweli. Ila hizo pauni 5,000 ni mlango tu. Mama mwenye leseni naye aliingia kwa kiasi kidogo.

Kabla ya kusaini, waombe wakuonyeshe idadi ya mapipa yaliyoagizwa kila mwaka kwa miaka mitatu iliyopita. Usikubali makadirio yao ya mbele, taka yaliyokwisha kutokea. Waulize wapangaji wangapi wamepita hapo katika miaka kumi. Wakiwa zaidi ya watatu, mtafute mmoja wao umnunulie chai. Soma kifungu cha matengenezo neno kwa neno, maana kuna mikataba inayokubebesha paa, mirija na kuta zote za nyumba ya miaka 150 isiyo yako. Uliza kama kampuni ina baa 500 au zaidi zenye mkataba wa aina hiyo, kwa sababu kama inazo, kanuni za mwaka 2016 zinakupa, katika nyakati maalumu, haki ya kuomba kulipa kodi ya soko tu na kununua bia unakotaka. Angalia pia kama mkataba unakufunga kwenye bia peke yake au hadi soda na pombe kali, kwani wewe na wateja wako wa pilau mtauza soda nyingi.

Halafu nenda mwenyewe siku ya Jumanne, saa mbili usiku, ukae saa moja na nusu. Usijitambulishe. Hesabu watu, tazama kuna mabomba mangapi ya bia na mangapi yamegeuziwa nembo ukutani, yaani hayana bia, na onja ile isiyo na gesi kama unakunywa. Kama hunywi, mnunulie mzee aliye karibu nawe, umtazame uso.

Ukishapata takwimu za mapipa, ziweke hapa bila kulitaja jina la kampuni, tuzipitie pamoja na mhasibu wetu wa Leeds. Nimeshamwandikia pembeni, amekubali.